Kabla hujazunguka kwa waganga, nunua kaunta buku

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa kuongea na kuchangamana na watu. Tunaishi Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, ambako alfajiri dagaa wakishushwa watu hawasikilizani kwa kelele. Alipokaribia miaka mitatu, maneno machache aliyokuwa nayo, "maji", "bibi", "lete", yalipotea moja baada ya jingine. Zahanati niliambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema, nisubiri. Nyumbani nikaambiwa nilivunja mwiko wakati wa ujauzito. Nikasubiri, huku nazunguka kwa waganga, mpaka mtaji wa biashara ukaisha. Mwaka na nusu uliopotea hapo unaniuma hadi leo.

Mama mwenzangu, lawama hiyo wameibeba wengi kabla yetu. Kuna wakati hata wataalamu wa Ulaya na Marekani walidai usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Lorna Wing, daktari wa Uingereza, alikuwa na binti mwenye usonji na hakukubaliana nao. Mwaka 1962 yeye na wazazi wenzake walianzisha chama cha kutetea watoto wao. Mwaka 1979, pamoja na Judith Gould, alichapisha utafiti wa watoto wa Camberwell, London. Walionyesha kwamba shida ya kuchangamana na watu, ya mawasiliano na ya michezo ya kitoto ya kuigiza huandamana, na kwamba watoto wenye shida hizo ni wengi kuliko wale waliolingana na maelezo ya usonji aliyoyatoa daktari Leo Kanner mwaka 1943. Ndiyo maana mtoto wako anaweza kuwa anaongea sana, wangu haongei, na wote wawili wana usonji.

Kilichonigusa ni kwamba alikuwa mzazi, akatazama, akaandika. Nami nikanunua kaunta buku.

Kila alipolia au kujiuma mkono niliandika saa, mahali, kilichotangulia na kilichofuata. Wiki ya pili jibu likajitokeza lenyewe: saa nne asubuhi, saa nne asubuhi, saa tisa. Ndizo saa ambazo jirani huwasha mashine ya kusaga. Kumbe tulichokuwa tukikiita ukaidi kilikuwa maumivu ya masikio. Sasa saa hizo bibi yake humpeleka upande wa pili wa nyumba, na alama za meno mkononi zimepona.

Daftari lilinionyesha pia kwamba hulia zaidi anapotaka kitu asichoweza kukiomba. Nikapiga picha kwa simu: ndizi, kikombe chake cha bluu, choo. Steshenari wakanichapia na kuzitia plastiki. Anza na kile mtoto anachokipenda kupita vyote, usianze na kile unachotaka wewe ajifunze. Mimi nilikaa mbele yake na ndizi, bibi akakaa nyuma yake akimwongoza mkono kuokota picha na kunipa. Usimuulize "unataka nini?" Akikupa picha tu, mpe ndizi papo hapo na uitaje jina. Tulifanya hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nachambua mchele. Akaja mwenyewe kutoka chumbani, akaniwekea picha kiganjani, akasubiri. Sikuweza kuendelea na ule mchele.

Shuleni nako nilikataliwa mara moja. Nikaenda na daftari kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma, itaje bila woga.

Sasa la ziwa, na hili naomba ulishike kuliko yote. Watoto wengi wenye usonji hutoroka ghafla, na maji huwavuta. Kuzama ni kati ya hatari kubwa kwao. Sisi wa mwambao hatuna nafasi ya kusema "atarudi". Weka komeo juu, asikofikia. Akipotea, kimbilia majini kwanza, barabarani baadaye. Mfundishe kuogelea mapema, hata kabla hajasema neno. Na mpeleke mwaloni ukiwa naye, uwaambie wavuvi na kina mama wa dagaa kwamba huyu ukimwita haitiki, mshike mkono taratibu. Mimi nilifanya hivyo. Mara mbili wamemrudisha mlangoni kwangu, suruali imelowa hadi magotini.