Othello Alimuuliza Mkewe

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu, kusi limeshaanza na bahari imechafuka. Ujumbe wako nimeusoma. Wasema katika lile kasha la vitabu ulilochukua umekuta Othello yangu ya kidato cha sita, ule mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, ukaisoma ndani ya treni tangu Miritini mpaka ukaimaliza, na sasa waniuliza: jemadari mzima wa Venice, mtu wa vita, alipotiwa fitina kwamba mkewe Desdemona anatembea na Cassio, luteni wake, alishindwaje kumuuliza mkewe tu yakaisha, mpaka akamuua? Na mwalimu wetu alitusomesha nini humo?

Alimuuliza, mwanangu. Ni pahali ambapo wengi hupapita mbio. Rudi sehemu ya nne, onyesho la pili. Anaanza na Emilia, yule mwanamke anayemhudumia mkewe. Hukuona kitu? Hukuwasikia wakinong'ona? Hawakukutuma nje hata mara moja? Emilia anakana kila swali, na anasema yuko tayari kuiweka roho yake rehani kwamba bibi yake ni msafi. Anapotoka tu, Othello anamwita mjanja anayeficha siri. Kisha anakuja Desdemona mwenyewe, anapiga magoti, anaapa. Haikufaa kitu. Sasa geuza kurasa urudi nyuma, mwisho wa onyesho la tatu la sehemu ya tatu: huko ameshamwagiza Iago, ofisa wake aliyemtia fitina hiyo, naye ndiye mume wa Emilia, kwamba kabla ya siku tatu asikie Cassio amekufa. Hukumu imetoka kwanza, shahidi anaitwa baadaye. Maswali yale hayakuwa ya kutaka kujua.

Mtihani ulipenda sana swali la wivu: eti Othello aliangamizwa na wivu wake, jadili. Ungeweza kukariri majibu ukapata alama nzuri. Mwalimu wetu hakuyapenda. Alisema ukishaandika "wivu" umelipa jambo jina, hujalieleza. Alitufanya tulisome kwa sauti lile onyesho refu la sehemu ya tatu, tena na tena, mpaka tukachoka. Shule ilikuwa ya wasichana, kwa hiyo Othello wetu alikuwa msichana mrefu wa dawati la nyuma mwenye sauti nzito. Hatukuona ajabu, maana mchezo ulipochezwa katika jumba la mfalme London mwaka 1604, Desdemona alikuwa mvulana. (Na kwa miaka mingi Othello alikuwa Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi. Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, alipomcheza London katika ukumbi wa Covent Garden mwaka 1833, magazeti kadhaa yalimshambulia.)

Ukilisoma kwa sauti ndipo unapomsikia Iago. Hasemi mengi. Anaona Cassio akiondoka, anaguna kwamba hilo halipendi. Anaulizwa amesema nini, anajibu hakusema kitu. Othello anamuuliza kama Cassio ni mwaminifu, naye anarudisha neno lile lile: mwaminifu, bwana? Fitina ya kwetu pia huingia hivyo hivyo, na wewe umekulia Mji wa Kale, huna haja nikufundishe. Lakini jembe lenyewe la Iago liko mbele kidogo, pale anaposema yeye anazijua vyema tabia za watu wa kwao: wanawake wa Venice humwonyesha Mungu mambo wasiyothubutu kuwaonyesha waume zao. Kisha anamkumbusha kwamba binti huyu alishamdanganya baba yake alipoolewa naye. Hapo msichana wetu mrefu alinyamaza, akamtazama mwalimu, akasema, "Sasa huyu atajuaje? Yeye si wa huko."

Mwalimu alilisubiri neno hilo, nadhani. Othello ni mgeni. Vita anavijua, lakini ndani ya nyumba za Venice hana mjomba wala shangazi wa kumnong'oneza, "Wacha wee, huo ni uzushi." Mwenyeji anayemwamini ni mmoja, naye ndiye adui yake. Wivu ulikuja baadaye, ukakuta mlango wazi.

Siku moja alitupeleka Fort Jesus, tukasimama juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari, tukasoma sehemu ya pili, pale watu wa kisiwa cha Cyprus wanapongoja majahazi ya Othello na wenzake huku dhoruba imezitawanya meli za Waturuki. Upepo ulikuwa ukitunyang'anya vitabu. Akatuambia tusidhani hadithi hii iko mbali: kisiwa, ngome, wanajeshi wa ng'ambo, hofu ya Mturuki, yote yalikuwa hapa. Wareno walipigana na Waturuki walioongozwa na Mir Ali Bey, hapa Mombasa, mwaka 1589, na ngome wakaanza kuijenga 1593. Akatutajia pia Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wetu aliyepelekwa Goa kule India kwa Wareno, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akamuua kapteni wa Kireno ndani ya ngome hiyo hiyo. Othello naye alikuwa amebatizwa. Mwalimu hakutufafanulia zaidi. Alitwambia tukaandike, na insha ile niliifurahia kuliko zote.

Umeniandikia pia kwamba Desdemona ana makosa, kwa kuwa aliulizwa kile kitambaa cha mkono alichopewa na mumewe, ambacho Iago alikifanya ushahidi wa uongo, kiko wapi, akasema hakijapotea. Sikubaliani nawe. Tazama kilivyopotea: mumewe alilalamika kichwa kinamuuma, yeye akataka kumfunga nacho, mume akasema ni kidogo mno, kikaanguka. Othello mwenyewe alimwambia akiache. Baadaye anamjia na hadithi kwamba mwanamke wa Misri alimpa mama yake, kina uchawi, na kikipotea ni balaa. Mtu anaulizwa kwa macho yale, ajibu nini? Mimi ningesema kiko kwenye sanduku la nguo.

Ninayemlaumu ni Emilia, aliyekiokota na kumpa mumewe Iago bila kujua atakifanyia nini, kisha akamwona bibi yake akihangaika naye kimya. Baba yako husema namwonea, kwa sababu mwishoni ndiye anayesema kweli mbele ya watu wote, na Iago anamuua kwa hilo. Huo ni ubishi wetu wa miaka.

Kabla hujaniandikia tena, soma onyesho la tatu la sehemu ya nne, wanawake wawili peke yao kabla ya kulala. Msome na mkeo, kwa sauti. Yeye awe Emilia, wewe uwe Desdemona. Halafu mnipigie mniambie nani kati yetu ana haki, mimi au baba yako, ila msipige saa ya Magharibi.

Mama yako