Re: Wingi wa makala ndo ukubwa wa mwanafizikia?
Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza kama mwanafizikia wa nadharia mwenye makala chache anaweza kuwa na uzito kuliko mwenye mamia. Anaweza, tena sana. Mcheki Steven Weinberg, 1967 alitoa makala fupi ya kurasa tatu hivi inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu hafifu ya nyuklia, na miaka ya mwanzo karibu hakuna aliyeinukuu, yaani kuitaja kwenye makala yake, watu wakapita tu, mpaka 1971 mwanafizikia mwingine, Gerard 't Hooft, alipoonyesha kwamba hesabu za nadharia za aina hiyo hazilipuki kwenda infiniti, hapo ndo kila mtu akarudi kuisoma, na 1979 wakachukua Nobel yeye, Sheldon Glashow na Abdus Salam. Ungeipima 1969 kwa nukuu ungesema haina kitu!

Hiyo h-indeksi uliyotaja, kipimo cha mtu kwa nukuu za makala zake, kaibuni mwanafizikia Jorge Hirsch 2005, ukiwa na 20 maana yake una makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Inasaidia, ila inamuonea mtu kama Peter Higgs, kaandika chache mno lakini chembe aliyoitabiri 1964 ikaja kuonekana 2012 kwenye maabara ya CERN kule Ulaya. Hata mwaloni Kirumba hakuna anayelinganisha dagaa na sangara kwa kuhesabu vichwa.

Kwa tasnifu yako ingia INSPIRE, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za fizikia ya chembe, ni bure, angalia nukuu mwaka hadi mwaka usiangalie jumla tu, na makala nyingi za siku hizi utazipakua arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, bila kulipa hata mia. Anza na ya Weinberg.