Kabla Hujanunua Kalamu ya Wino, Beba Kauntabuku Lako

Walimu wenzangu wakiiona kalamu ya nibu, ile ya wino yenye ncha ya metali iliyopasuliwa, mfukoni mwangu, swali la kwanza huwa bei. La pili huwa, "Mwalimu, hizi bado zipo?" Zipo. Na kwa mtu anayeandika kwa mkono kutwa nzima, maandalio ya somo, muhtasari wa kikao, maoni kwenye kazi za wanafunzi, zinaweza kumfaa kuliko peni ya kawaida. Sababu kubwa ni kwamba kalamu hii haitaki kukandamizwa. Peni ya kawaida ina kijipira kwenye ncha, na lazima ukisukume kizunguke ndipo wino wake mzito utoke. Wino wa kalamu ya nibu ni majimaji. Unateremka kwa mfereji mwembamba uliopasuliwa katikati ya nibu, na karatasi inaunywa mara tu ncha inapoigusa. Mkono wako kazi yake ni kuongoza.

Hayo yote ni kweli kalamu ikikutana na karatasi inayoiweza. Watu wengi huikosea kalamu hapo. Mtu anaijaribu dukani, anapiga sahihi mbili tatu kwenye karatasi aliyopewa na muuzaji, inateleza vizuri, analipa. Jioni anafungua kauntabuku, herufi zinaota ndevu na maandishi yote yanaonekana upande wa pili wa ukurasa. Kalamu haina kosa. Karatasi ya dukani huenda ilikuwa ile ya kuchapishia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, na madaftari mengi tunayotumia ni mepesi kuliko hiyo. Si mbali na huku Mbeya, kule Mgololo wilayani Mufindi, kuna kiwanda cha karatasi, lakini kinachojulikana zaidi nacho ni karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na vifungashio. Ya kuandikia inabidi tuipokee jinsi inavyotufikia.

Kwa hiyo nenda na daftari lako, lile lile unaloandikia kazini. Omba kiti, uandike nusu ukurasa wa maneno ya kweli kwa mwendo wako wa kila siku. Kisha geuza ukurasa utazame. Kama upande wa pili huwezi kuuandikia, kalamu hiyo itakula daftari mara mbili ya kawaida, na gharama hiyo haimo kwenye bei uliyotajiwa.

Dawa ya kwanza ni unene wa nibu. Kuna EF, F, M na B, kutoka nyembamba kwenda nene. Alama hizo hazilingani kwa watengenezaji wote: F ya Kijapani, kama ya Pilot au Platinum, kwa kawaida huandika mstari mwembamba kuliko F ya Lamy ya Ujerumani. Kwa kauntabuku ningekushauri F ya Kijapani, au EF ukichukua ya Ulaya. M inapendeza machoni, ila kwenye daftari jepesi inamwaga wino mwingi, na mwenye mwandiko mdogo ataona matundu ya herufi a na e yameziba.

Muuzaji akikataa kujaza wino akataka uchovye tu nibu kwenye chupa, mkubalie, lakini ujue unapima nini. Nibu iliyochovywa huandika kwa ukarimu hata kama kalamu yenyewe ina kwikwi, kwa kuwa wino umeshikilia nje. Hapo utajua ulaini wa ncha peke yake. Chora nane kubwa zinazofuatana bila kukandamiza. Ikikwaruza ukielekea upande mmoja tu, mara nyingi yale meno mawili ya nibu hayajakaa sawa. Piga picha ya karibu kwa simu uikuze, utaona jino moja limepanda juu ya mwenzake. Mtiririko wa wino hupimwa kwa kalamu iliyojazwa na kuandikiwa kwa haraka, kama vile mwenyekiti wa kikao anavyosema na wewe ndiye katibu. Kalamu ya kazi ikianza kupauka mistari mitatu ndani ya aya, iache.

Jambo jingine ambalo mwalimu analihitaji kuliko mshairi: kuacha na kuanza tena. Unaandika, mwanafunzi anauliza, unamjibu, unarudi. Ivue kofia, ongea na muuzaji dakika mbili, kisha andika. Huku kwetu miezi ya kiangazi hewa ni kavu na upepo hauna adabu, nibu iliyo wazi hukauka upesi. Kofia nayo ina umuhimu wake. Platinum Preppy, ambayo ni ya bei ya chini na mwili wake ni plastiki tupu, ina kofia yenye springi ndani inayobana nibu isipate hewa. Zipo kalamu za gharama kubwa zaidi ambazo ukiziacha kuanzia Ijumaa, Jumatatu zinadai maji kwanza.

Sasa suala la milima. Anayenunua kalamu Dar es Salaam na kupanda nayo basi kuja Mbeya anatoka usawa wa bahari na kufika kwenye mita kama 1,700, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la pwani. Hewa iliyobaki ndani ya kalamu inatanuka njiani. Kama nibu imetazama chini, hewa hiyo inausukuma wino nje, na kofia unaikuta imejaa. Unapanda mlima wa Kitonga ukitazama mandhari, kumbe mfukoni shati limeshabadilika rangi. Kinga yake ni nyepesi: safiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, na uisimamishe nibu ikiwa juu, ili hewa itoke bila kuburuta wino. Baridi ya Juni na Julai ina vituko vyake pia. Kalamu imelala kwenye meza ya ofisi huko Uyole, asubuhi unaishika kwa kiganja cha moto, hewa ya ndani inapata joto, tone linadondoka katikati ya sentensi. Hutokea zaidi wino ukikaribia kuisha. Jaza mapema.

Kuhusu nibu ya dhahabu sina mengi. Ya chuma cha pua inatosha kabisa, na katika zote mbili ncha inayogusa karatasi huwa ni metali nyingine ngumu iliyochomelewa.

Wino usiuchukulie poa. Ule wa bluu wa kawaida huyeyuka ukilowa, na kwa mvua za Tukuyu hilo si jambo la kufikirika. Kwa madaftari ya darasani hauna neno. Kwa mihutasari, hati za mauziano na chochote kitakachokaa kwenye faili miaka, tafuta wino ulioandikwa kuwa haufutiki kwa maji, na uwe tayari kuisafisha kalamu mara kwa mara, kwani wino wa aina hiyo huganda ukiachwa. Wino wa muhuri usitie, wa printa usitie, wala ule wa kuchorea ramani wenye gundi ndani yake. Hiyo ni njia ya uhakika ya kuiziba kalamu moja kwa moja.

Kuna kazi ambazo kalamu hii haiziwezi: stakabadhi na fomu za nakala zenye kaboni. Zinataka mkandamizo ili maandishi yafike karatasi ya chini, na nibu ukiikandamiza hivyo meno yake yanatanuka yasirudi. Peni ya kawaida iendelee kukaa mfukoni pembeni yake, na akija mtu kuazima kalamu asaini mahudhurio, mpe hiyo.