Mwanangu, kuhusu ile dinari ya Antony

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye meseji kama bei anayotaja huyo jamaa anayetaka kuinunua hiyo dinari, ile sarafu ya fedha ya Warumi, ni ya haki au anatupiga. Bei nitaifikia, kwanza unajua umeshika nini? Upande mmoja merikebu ya makasia, upande wa pili tai katikati ya bendera mbili za jeshi na namba ya kikosi, Mark Antony, jemadari wa Roma, alizigonga mwaka 32 na 31 kabla ya Kristo kulipa askari wake wakielekea vita ya Actium kupigana na Octavian, yaani askari anapokea mshahara anakuta kikosi chake kimo humo humo. Nimekuambia toka uko mdogo, hela ina mdomo, inasema kwanza ndio inunue. Af Antony akashindwa! Na alichanganya shaba nyingi kuliko wenzake, sasa watu wakawa wanaficha dinari nzuri wanatumia za kwake, ndio maana hiyo imelika hivyo, zilizunguka zaidi ya miaka 200 kwenye dola ya yule yule aliyemshinda.

Mimi ukinitajia bei namkumbuka tembo. Mama yako anajua. Ile dinari yangu ya Julius Caesar ya mwaka 49 kabla ya Kristo, tembo anakanyaga kama nyoka hivi, chini yake CAESAR tu basi, mwaka aliovuka mto Rubicon na jeshi lake akaanzisha vita ya Warumi kwa Warumi, hapo hata maelezo hayahitajiki, hela ina mdomo. Siku ya maonyesho ya sarafu kule London, ada yako ya chuo imebaki wiki moja, nikamwonyesha muuzaji mmoja, akaiweka kwenye mizani akatikisa kichwa, eti ndani shaba, fedha imepakwa juu tu. Na ni kweli za hivyo zipo toka enzi za Warumi wenyewe, basi nikamwachia kwa bei ya kutupa. Mwezi uliofuata naikuta mezani kwake, kale kaalama wabadilisha fedha wa zamani walikokuwa wanagonga kupima sarafu, kama mwezi mwandamo, juu ya mguu wa nyuma wa tembo, ni yenyewe kabisa, na kikaratasi kimeandikwa halisi. Sikusema neno. Mpaka leo nasema ningesema, halafu najijibu ningesema nini na nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe? Lakini alijua. Aliipima mbele yangu, alijua.

Sasa hiyo ya Antony sio adimu, hata hapo Uingereza zinafukuliwa nyingi tu, ukiuza hutakuwa umepoteza kitu cha ajabu. Ila ndio iliyobaki. Sisemi uuze, sisemi usiuze, ya kwako hiyo, nilikupa. Nakwambia moja tu, anayetaka kununua asiwe ndiye anayekupimia, mpelekee mtu asiye na haja nayo aiangalie. Na kabla hujamjibu huyo jamaa iweke kiganjani karibu na dirisha, hesabu makasia yanayoonekana bado, halafu nipigie.

Baba yako