Ramani ya 2014, msingi bado

Ndugu yangu wa Kibirizi, kuuliza kama ramani ya nyumba yako iliyochorwa 2014 bado inafaa umefanya vizuri, maana hujamwaga zege. Usinunue hata nondo moja kwanza. Ipeleke ramani kwa mhandisi aliyesajiliwa aipitie upya, kisha uingie manispaa na kibali chako cha zamani uulize kipi kimebadilika. Karatasi kufutwa ni rahisi, nguzo kuvunjwa ni kilio.

Sisi wa Kigoma tuko kwenye Bonde la Ufa. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa tetemeko la kipimo cha 6.8, kwa hiyo mkanda wa zege juu ya kuta si urembo. Mwambie fundi ncha za ringi za nguzo (vyuma vinavyozungushiwa nondo kuzifunga pamoja) azikunje ziingie ndani ya zege. Wengi wanazikunja pembe mraba tu (mimi mwenyewe nililazimika kufumua za nguzo nne, fundi kanuna siku mbili).

Halafu pima umbali kutoka ufukweni. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, na maji yalivyopanda miaka ile ya 2020 na 2021 uliyaona.