Jambazi wa Dar na koti la ngozi mwezi wa pili

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwamba kwa nini kwenye muvi zetu za ujambazi wanawake wote ni kama wametoka saluni moja na wazee wote wana mvi za unga, na kwamba wewe unataka kupiga ya kwako ya dakika 20 mitaa ya Magomeni, sasa watu wako uwavalishe nini. Nimekuwa mtu wa mavazi kwenye seti za hapa Dar tangu 2014. Nitajibu kwa niliyoyaona, na mengine ni madhambi yangu mwenyewe.

Tuanze na koti. Februari, joto la mji huu unalijua, halafu jambazi anashuka kwenye gari na koti la ngozi, glovu na miwani myeusi, saa tatu usiku. Tunacheka, lakini mwaka wangu wa kwanza hilo koti nililinunua mimi, soko la mitumba la Karume, na nikajiona nimepatia. Mwigizaji alilowa jasho mpaka mekapu ikashuka shingoni. Sababu ni nyepesi tu: mtu wa mavazi anapewa nauli, laki moja na nusu, na siku mbili. Kwa hali hiyo humtafuti mhusika, unatafuta alama. Na alama sisi tuliokulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video mtaani, tulishazimeza zamani. Mtafsiri wa muvi hajafungua mdomo, huku nyuma tumeshajua steringi, yaani shujaa, ni nani, adui ni nani, na yule dada wa gauni jekundu atamsaliti nani.

Kwenye muvi ya mapigano hilo halina shida. Ya upelelezi inaishi kwa kumficha mtu. Ukimvalisha muuaji nguo za muuaji, mtazamaji kashamaliza kesi dakika ya tano, zilizobaki anakula karanga.

Nije kwa wanawake. Watu husema wigi la rangi ya dhahabu ni ushamba wa Sinza. Wanaonea. Mwaka 1944, kwenye muvi ya Marekani Double Indemnity, Barbara Stanwyck, anayecheza mwanamke mshawishi, alivalishwa wigi ambalo ukiliangalia tu unajua si nywele zake, na mguuni kikuku. Wakala wa bima, ambaye ndiye steringi, anamwona anashuka ngazi, jicho linagandia kwenye kile kikuku, na kuanzia hapo kwisha habari yake. Na kikuku mjini hapa unajua kinavyosemwa, sihitaji kukufundisha. Ila pale wigi ni bandia na mwanamke mwenyewe ni bandia, vinaendana. La kwetu linavaliwa kwa sababu lilikuwepo kwenye begi.

Sasa tazama upande wa pili, mpelelezi wa kike. Niliwahi kuletewa skripti ambayo inspekta anamkimbiza mwizi Manzese, kwenye mitaro ile, na dairekta anataka suruali ya ngozi ya kubana na visigino virefu. Nikamuuliza, "Bosi, huyu anakimbia au anaenda sendofu?" Akasema watazamaji wanapenda. Dada wa watu alianguka mara mbili, ya tatu tukapiga miguu ya mtu mwingine kwenye raba. Mimi ningemvalisha dera. Askari kanzu kazi yake ni kutoonekana, na hapa Dar hakuna asiyeonekana kama mwanamke wa dera na mkoba kwenye daladala ya Mbagala. Wakati wa kukimbia ukifika anajifunga kibwebwe, kibwebwe chenyewe kabisa, na picha hiyo ni nzuri kuliko visigino vyote.

Wenzetu walishalijua hili. Fargo ya 1996: mkuu wa polisi ni mjamzito, tumbo limejaa, koti zito la sare la kahawia, kofia yenye masikio. Hakuna hata kipande kimoja kilichomrembesha, na Frances McDormand akaondoka na Oscar. The Silence of the Lambs ya 1991 nayo: Clarice, mwanafunzi wa upelelezi wa FBI, anaingia kwenye lifti na sweta la mazoezi limemlowa, wanaume wamemzunguka na fulana nyekundu, wote wanampita urefu. Hakuna neno linalosemwa pale. Baadaye Lecter, muuaji aliyefungwa, anamtazama mara moja tu kutoka nyuma ya kioo, anamwambia mkoba wake mzuri lakini viatu ni vya bei rahisi, na ameshamjua katokea wapi. Mimi tangu nione hiyo sini, naanza kumvalisha mtu kwa viatu.

Kwa vijana nina aibu yangu binafsi. Unakumbuka mwanzoni mwa 2015 mji ulivyofunga maduka mapema kwa hofu ya Panya Road, lile kundi la vibaka vijana. Baada ya pale kila skripti ilitaka vibaka vijana, nami nikawa na mfuko wao kabisa: kapelo, suruali ya kata K, fulana ndefu. Siku moja kaja dogo wa miaka 19, ndiyo mara yake ya kwanza kwenye seti. Nikamwangalia, nikamwambia, "Wewe usibadilishe kitu, kaa hivyo hivyo."

Akajiangalia. "Dada, hizi ndizo nguo nilizokuja nazo."

"Ndiyo, ziko sawa."

"Kwa hiyo mimi nimevaa jambazi tangu nyumbani?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu usiku haukuwa mzuri. Siku hizi nikiambiwa kibaka namuuliza dairekta ameiba nini na anakaa na nani. Mara nyingi hana jibu.

Lakini penye uongo mkubwa ni kwa wazee, hasa wanawake. Tulikuwa Buguruni, nyumba ya uswahilini yenye uwanja katikati. Binti wa miaka 29 anacheza mama wa marehemu, miaka 65. Nikampaka poda ya watoto kichwani, kanga mpya doti moja, fimbo, mgongo akaupinda. Sini ya kilio: kila akitikisa kichwa poda inamwagika mabegani, taa inaipiga, unaona vumbi kama la kinu cha saruji. Mara ya nne dairekta akatupa karatasi chini.

Mwenye nyumba alikuwa pembeni kwenye mkeka, anachambua mchele, wala hatazami, au tulidhani hatazami.

"Mwanangu, huyo bibi yenu ana miaka mingapi?"

"Sitini na mitano, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nina sabini na moja. Umeniona nimejikunja hivyo?" Akapuliza pumba kwenye ungo. "Na hiyo kanga bado ina wanga. Ana msiba, kaitoa dukani saa ngapi?"

Nikakosa la kusema. Akaniita karibu, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani mna noti ya elfu mbili imekunjwa mara nne na ufunguo mdogo wa kabati. Kanga yenyewe imefuliwa mpaka maandishi yamefifia, laini kama kitambaa cha mtoto. Akavua ile ya juu akanipa. Tukafuta poda yote, tukamwachia binti nywele zake chini ya mtandio, tukamwambia akae wima na kucha za rangi azifiche. Alipolia mara ya tano alikuwa anafungua na kufunga lile fundo, fundo tupu, hakuambiwa na mtu. Hiyo ndiyo ikabaki kwenye filamu. Bibi tulimrudishia kanga yake na mpya juu yake. Mpya akaiingiza ndani, akajifunga ile ile.

Wazee wa kiume wana nafuu, wao huachiwa heshima. Somerset, mpelelezi wa Se7en, 1995, anakaribia kustaafu, unaonyeshwa asubuhi yake: tai, funguo, kalamu, kitambulisho, kila kitu kimepangwa, anatoa uzi kwenye koti. Kijana mwenzake, Mills, ana koti la ngozi na haraka. Umri umekaa kwenye mpangilio, mvi hazina kazi kubwa pale. Mzee wa kwetu mpe shati la mikono mifupi lililopigwa pasi, peni mbili mfukoni, moka iliyobadilishwa soli. Inatosha.

Anayekosekana kabisa ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Muvi zetu zina hawara wa miaka 22 na mama wa kulia msibani, katikati hakuna kiumbe. Jackie Brown, 1997, steringi ana miaka 44, na muda mwingi unamwona na sare ya wahudumu wa ndege. Sare ile ndiyo inayompitisha uwanja wa ndege na hela za magendo. Hapa Dar huyo mwanamke tunaye kila mtaa: mhasibu wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana. Kitenge cha kushonwa vizuri, kijitabu cha mahesabu kwapani, simu ya kitochi ya pili ya miamala, viatu vya chini. Anaingia kila nyumba na wanamkaribisha chai. Kama filamu yako ina muuaji au mwizi, mkuu, mimi ningempa yeye, na lile gauni jekundu nikampa jirani asiye na hatia yoyote, watu wamshuku bure dakika 15 nzima.

Karume nenda asubuhi wakati wanafungua belo za mitumba, ukichelewa wachuuzi wameshapita na vizuri. Kanga usinunue, azima mtaani, urudishe na sabuni. Suti za kiume nina mbili nyumbani. Moja ina doa la damu ya bandia limegoma kutoka, lakini kwa maiti itafaa.