Jalada la Mfadhili Humsimulia Nani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninasomea utunzaji wa nyaraka hapa Dar es Salaam. Mwenzangu anadai kwamba kumbukumbu za Mfuko wa Rosenwald, uliosaidia kujenga shule za Wamarekani weusi enzi za ubaguzi wa rangi, humsifu tajiri tu. Je, ni kweli?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Marahaba. Si kweli, nami nakusihi uzisome kadi za kumbukumbu za shule zenyewe kabla ya kuikubali hukumu hiyo. Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago, alianza kugharimia shule hizo mwaka 1912 akishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi, akaunda mfuko mwaka 1917, na kufikia 1932 majengo yalikuwa yamepita 5,000 katika majimbo 15. Mfuko ulifungwa mwaka 1948. Nyaraka zake zimo Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville.

Shule ina kadi yake, mara nyingi yenye picha ya jengo la mbao lenye safu ya madirisha marefu, na michango imeandikwa kila fungu peke yake: weusi, weupe, serikali, Rosenwald. Hapo ndipo lilipo jibu lako, maana ukijumlisha fungu la weusi unapata takriban dola milioni 4.7, ilhali la mfuko ni milioni 4.3, na wachangiaji hao wengi walikuwa wakulima waliokwisha kulipa kodi kwa serikali iliyowanyima watoto wao shule za haki. Majina yao yatafute kwenye barua zilizomo katika nyaraka hizo.